Kadi ya Mtumba

Mashine ilikuwa ya karani wa bima,
nembo ya kampuni bado imegoma kubanduka.
Niliinunua Luthuli, bila kadi, bila mfuniko,
na kwa miaka miwili nikacheza ndani ya ukungu:
miti kama sukuma wiki iliyochemka mno,
adui kama matone ya wino.

Desemba, Nzomo akanipigia:
"Kadi imeingia. Ilikuwa kwa saiba, lakini haijachoka."
Wauzaji wote husema haijachoka.
Nikauza baiskeli.

Kufika Umoja, kadi ndefu kuliko kasha.
Fundi wa mageti pale chini akakata bati,
cheche zikaruka, akauliza,
"Sasa hii huchomelea nini?"
Pawa saplai nayo ikakohoa, ikazima.
Siku tisa zaidi za ugali na chumvi.

Kisha Jumatano usiku, kwenye skrini ya kuazima,
dunia ikafunguka. Majani yana umande.
Ukuta una ufa, na ndani ya ufa, sisimizi.
Dada yangu Kasyoka akaacha kukunja nguo:
"Huyo mlinzi ana pete."

Nikasogea. Kweli, pete ya fedha,
na ndevu zimenyolewa vibaya upande mmoja,
kama mtu aliyechelewa kazini.
Nimempiga risasi, sijui, mara mia nne,
akiwa doa.

Kidole kiko juu ya kipanya.
Mita ya stima inalia: yuniti mbili.
"Mbona humpigi?" Kasyoka anauliza.
Nasema nangoja feni zitulie.