Dizeli Siyo Losheni

Hapana, Adriko. Shusha hicho kitambaa.
Nimeiona chupa uliyoificha nyuma ya ndoo,
ile ya maji ya kunywa iliyobadili dini.
Pua yangu, miaka ishirini na miwili wodini,
haidanganyiki: hiyo ni dizeli.

Najua itang'aa.
Bampa litameta jeusi kama mbegu ya papai
lililopasuliwa sasa hivi,
nami nitatoka hapa Enyau nimenyoosha shingo
mpaka Onduparaka.
Halafu vumbi.
Vumbi la Arua halina adabu,
mafuta yakiliita linakuja na ukoo mzima.
Jumatano bampa ni jekundu.
Mwezi ujao ni jeupe, lina ukurutu,
na wewe utaniambia, Mama, tupake tena.

Unacheka. Basi nikupe habari ya wodini.
Tulikuwa na mwanafunzi, Ezaru, mikono myepesi.
Ngozi ilimkauka, akajipaka vaselini,
akavaa glavu juu yake.
Mabega ya mtoto hayajatoka
kidole chake cha kati kilikuwa nje
kinatuangalia.
Hakuna aliyesikia mpira ukichanika.
Mpira na mafuta ya ardhini, Adriko,
hawalali nyumba moja.

Njoo uone raba ya mlango huu wa kushoto.
Uliipaka wewe, mwaka juzi, kwa upendo.
Ilivimba kama ufizi, ikalegea, ikapasuka.
Sasa mvua ya Agosti inaingia
inakaa kwenye kiti cha mume wangu,
ambaye hakai tena hapo.

Nimekuja na yangu. Imetoka Kampala kwa basi la usiku,
bei ya jogoo mmoja wa Krismasi.
Ni ya maji, nyeupe kama maziwa yaliyoenguliwa.
Nusa. Haina kitu, eh?
Dawa ya plastiki ikinuka kama kituo cha mafuta, irudishe.
Lebo isiposema ndani kuna nini, irudishe,
hata kama ina picha ya simba.
Hii imeandikwa: haina petroli, inakinga jua.
Jua ndilo linalotuzeesha,
Suzuki na mimi.

Osha kwanza. Sabuni laini, brashi ya kucha.
Acha ikauke kabisa;
hata mtoto hapakwi mafuta juu ya tope.
Kisha jaribu kidogo, huku chini ya bampa,
mahali tunapopaona mimi, wewe na kuku.
Kitambaa kikitoka cheusi tumekosea, tunaacha.
Kikitoka safi, endelea.
Tone, siyo kikombe.
Vifuniko vya vioo, raba za madirisha, kingo za milango.
Ngoja dakika tano, futa kilichobaki:
kilichobaki ndicho kinachoita vumbi.

Na tairi, ubavu tu. Ubavu!
Pale linapokanyaga barabara usiguse,
wala sahani ya breki.
Kuna usiku ninashuka mlima kwa mvua
na mama wa watu anasukuma kiti cha nyuma.

...

Unasema haing'ai.
Haing'ai.
Ni nyeusi ile ya siku Onzima alipoileta nyumbani,
akapiga honi mara tatu, majirani wakatoka,
na mimi nikajifanya ninachambua mchele.
Weusi wa kawaida. Gusa. Hauachi kitu kidoleni.

Mbona umenyamaza?
Unaitazama mikono yako mwenyewe,
ile mistari iliyochanika kwenye vifundo,
dizeli ya miaka sita imelala humo.
Unauliza: na hii je?

Shika kopo hili. Ni mafuta ya shea,
dada yangu anayakamua mwenyewe.
Paka usiku, lala nayo.
Ya ngozi, Adriko.
Nikiyakuta kwenye raba tutagombana upya.