Karatasi Ndani ya Boksi

Usiku wa Isevya sasa naujua saa kwa saa:
saa saba, mbwa wa Kapaya;
saa nane na nusu, treni ya mizigo inapiga honi ikiingia stesheni;
saa kumi nipo tena uani, mkono ukutani,
nasubiri.
Miaka hamsini na mitatu,
nimekuwa mlinzi wa nyumba yangu mwenyewe, bila mshahara.

Nyamizi hulala upande wa ukuta.
Sikujua kwamba huhesabu.
Asubuhi moja, akimimina uji, akasema tu: "Sita."
Sikuuliza sita za nini.

Pale Kitete daktari alikuwa binti
wa rika la mwanangu wa kwanza.
Akavaa glavu. "Lala ubavu, baba, kunja magoti, pumua."
Nikaikodolea macho sinki.
Ile sinki niliifunga mimi, mwaka ule wa ukame.
Koki inavuja sasa, tone, tone,
na mimi, fundi bomba wa miaka ishirini na minane,
nimelala pale suruali magotini
nawaza washa. Washa ya shilingi mia tano.
Alipotaka kunieleza akachora bomba
na kitu kama limau kinacholibana.
Nikamwambia, mwanangu, bomba liache, nalijua.
Niambie limau. Ni kansa?
"Damu haisemi hivyo," akajibu. "Kwa leo."
Hilo "kwa leo" nililibeba mpaka nyumbani,
zito kuliko mfuko wa vidonge.

Vidonge vilifanya kazi, nisiseme uongo.
Wiki ya pili nililala mpaka adhana.
Ila nilipoinuka kutoka sijida
msikiti uliinuka nami, ukapitiliza,
nikadaka bega la Mrisho muuza asali.
Hakuuliza kitu. Alikaza bega tu.
Na lile tone la mwisho, lisilojua adabu:
udhu natia, lenyewe linautengua,
narudi bombani, wenzangu wako rakaa ya pili.

Kisha lile jingine.
Usiku ule Nyamizi alinipokea kama zamani,
na mwisho ulipofika, ulikuja mikono mitupu.
Mkavu, kama koki za Ng'ambo siku ya mgao.
Hakusema. Alivuta kanga.
Kesho yake, akichambua mchele, hakuinua kichwa:
"Kuna mahali unaacha vyangu?"

Nikaifukua karatasi ya ndani ya boksi,
imekunjwa mara nane kama hirizi.
Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu;
dunia nzima imeambiwa ila sisi.
Nikamwita Lusasi, kidato cha tatu, anisomee.
Akasoma kizunguzungu. Akasoma pua kuziba.
Akafika mahali, akakohoa.
"Hili neno silijui, baba."
Shingo yake ilisema analijua.
"Basi liruke," nikamwambia, na tukaliruka wote wawili
kama watu wanaoruka mtaro wa maji machafu
wakiwa na nguo za Idi.

Jioni nikamwekea Nyamizi kidole kwenye mstari ule.
Yeye Kiingereza hana, mimi changu cha kuokoteza.
Nikatafsiri kwa mkono, kwa tumbo:
kwamba vinarudi nyuma, ndani, kwenye kibofu,
haviendi kwa mtu.
Akakitazama kidole. Akanitazama.
Akacheka kwa pua, kile kicheko cha msichana wa Kiloleni
ambaye mama yake nilimfungia bomba bure.
"Kumbe mke mwenzangu ni kidonge."

Tulicheka. Halafu tukaacha kucheka,
kila mmoja kwa wakati wake.

Jana niliamka mara mbili.
Ya pili nilimkuta ameketi kitandani, tochi ya simu mkononi,
anahesabu vilivyobaki.
"Kumi na kimoja. Wamesema urudi lini?"
Nikasema nitaangalia kadi.
Kadi sijaiangalia. Tarehe naijua.
Washa ya ile sinki nimeshainunua,
ipo mfukoni mwa shati hili,
siku nyingi sasa.