Niachie Leso, Uende Marikiti

Keti, dada wa Webuye, sina kiti ila hili kreti la soda.
Leso umeshanunua, jozi mbili, bado hazijakatwa,
na gari lako la Miritini laondoka saa tisa.
Nakuona unavyoitazama karatasi yako kama mtihani:
viungo, udi, halua, kitu cha mtoto, kitu cha mama mkwe.
Basi nisikilize. Mguu wangu uko kwenye cherehani
lakini mdomo hauna kazi.

Marikiti ni hapo tu. Fuata harufu, usifuate mtu.
Anayekushika mkono na kukwambia "njoo, bei ya asubuhi,"
huyo asubuhi yake haiishi mpaka magharibi.
Mpite. Nyuma ya wauza ndizi yuko Bwana Shekue,
meza fupi, miwani iliyofungwa kwa uzi.
Iliki yake usiinunue kwa macho, ipasue kwa ukucha:
mbegu ikiwa nyeusi, ina mafuta, hiyo;
ikiwa kahawia na inapeperuka, mrudishie, mshukuru,
atakutolea nyingine chini ya meza. Hachukii.
Masala iliyosagwa iache.
Si mna kinu kwenu?

Udi ni Mji wa Kale, ila si duka lenye kioo.
Kioo ni cha wanaoshuka melini kwa saa nne
wakanunua twiga. Twiga!
Kisiwani hapa mie twiga nimemwona wa mti tu.
Uliza kwa Bi Mwanahalima, mlango wa pili baada ya msikiti mdogo.
Bisha, ngoja, bisha tena.
Huuza akiwa kitandani na bei hataji, utataja wewe.
Ukitaja ndogo atacheka.
Ukitaja kubwa ataona haya, akuongezee kichupa cha marashi.

Ya mtoto yangekuwa Kongowea, lakini leo huna saa hizo.
Siku ukirudi, nenda alfajiri, marobota yakifunguliwa.
Huko nilimpatia mwanangu koti la theluji,
joto hili hili, akakataa kulivua hata kulala.

Nyali kuna maduka ya kiyoyozi, ngazi zinapanda zenyewe.
Sikukatazi.
Ila bei iliyoandikwa
haikuulizi habari za nyumbani.

Halua iwe mwisho, usiizungushe juani.
Na kuonja ni haki yako, kidole kimoja, cha pili ni wizi.

Sasa ngoja.
Hii ya zambarau ndiyo ya mama mkwe, ulisema?
Jina hukulisoma. Wengi hawasomi, hutazama korosho na rangi.
Mie husoma zote, miaka ishirini na sita,
ugomvi wa mji mzima umepita chini ya sindano hii.
Tazama hapa, juu ya pindo:
MWANA UMENIPA MWENYEWE, MAKELELE YA NINI?
Sijatia uzi bado. Rudi kwa Taiyabali, mwambie ni fundi Mselem kakutuma,
atakubadilishia. Anayo ya kijani yenye dua,
RADHI YAKO NDIYO KIVULI CHANGU,
hiyo hata mkwe mgonjwa ataamka aivae.

Hakunijibu upesi.
Aliisoma tena, midomo ikitembea bila sauti
kama mtu anayehesabu chenji.
Akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa.
"Pinda," akasema.
"Na pindo liwe imara. Ataifua sana."

Nikapinda.
Alirudi saa saba na nusu, kapu limejaa,
ukucha wa kidole gumba unanukia iliki,
marashi yamemtangulia hatua tatu.
Akanilipa yangu, akaniachia na kipande cha halua kwenye gazeti.
Kilikuwa na alama za vidole.
Viwili.