Ukurasa wa Kumi na Moja

Karanga za shilingi mia mbili, pale Makoroboi,
nilifungiwa na ukurasa wa kumi na moja.
Naujua ukurasa ule. Niliupiga chapa mimi:
"Kimo cha sakafu ya gati: mita mbili na robo
juu ya alama ya maji."

Nikasimama, karanga mdomoni, sitafuni.
Mbili na robo ya lini?
Maana kwanza tuliandika moja na nusu,
kisha mbili na robo,
bajeti ikashusha ikawa moja na nusu tena,
ziwa likapandisha.
Nikaugeuza. Nyuma palikuwa na mafuta na chumvi.
Jalada lake liko wapi, nani ajuaye,
na hata lingekuwepo lingesema tu
MAELEZO YA MRADI, GATI LA IGOMBE,
kama yalivyosema majalada yote manne
yaliyotoka mezani kwangu mwaka ule mmoja.

Huku kwetu hata tumbo la mama hutunza kumbukumbu:
wa kwanza Kulwa, wa pili Doto,
atakayewafuata ni Shija.
Ukiitikiwa mlangoni umeshajua nani alitangulia.
Mimi nilizaa wanne nikawapa jina moja.

Fundi Masalu alijenga kwa waraka aliopewa.
Msimlaumu. Aliusoma penseli ikiwa sikioni,
moja na nusu, akamwaga zege, likakauka,
akalipwa nusu ya fedha yake.
Mhandisi Majura alikuwa ameshabadilisha tangu Machi,
baada ya kushinda siku tisa majini hadi magoti
akisoma kijiti chenye alama.
Nami nikapiga chapa, nikatoa nakala, nikagawa:
nembo ile ile, rangi ile ile ya jalada.
Tarehe sikuweka.
Mstari wa tarehe ulikuwa unaharibu mpangilio.

Naam. Mpangilio.

Mei ziwa likapanda ngazi bila kupiga hodi,
likakaa juu ya sakafu mpya, kina cha kifundo cha mguu.
Nyanzobe akawa anakimbilia dagaa wake
walioelea wakirudi walikotoka,
kanga imelowa, chekecheke mkononi.
Akaniuliza, wala si kwa hasira,
"Kwani hamkujua?"

Tulijua, dada. Ukurasa wa kumi na moja.

Kikaoni waraka mbili zikalala mezani.
"Huu ndio mpya," akasema Masalu.
"Huu ndio mpya," akasema Majura.
Mwenyekiti akazinyanyua moja moja,
akazielekeza dirishani kama anayetafuta noti bandia.
Kule Mwaloni mnunuzi wa sangara
hufunua shavu, akaona wekundu, akajua ni wa leo.
Karatasi haina matamvua.
Ya jana na ya mwaka juzi zinanuka wino ule ule.

Sasa haitoki kitu mezani kwangu kabla sijaandika:
Toleo la 5. Linafuta la 4.
Limetolewa Agosti 12.
Kilichobadilika: uk. 11, kimo, kutoka 2.25 hadi 2.60.
Aliyebadilisha: Majura. Sababu: ziwa.
Aliyetoa: Holo Lugembe, na saini yangu
yenye mkia mrefu kuliko inavyostahili.
Vijana wa ofisini wananiita Bibi Toleo.
Juzi mmoja aliniuliza kama chai yangu
ni ya kwanza au imefuta ya asubuhi.
Nilicheka. Kisha nikatazama kikombe.

Ila zile za zamani zingali huko nje.
Sijui ziko ngapi. Moja labda inaziba ufa wa dirisha Kirumba,
nyingine iko chini ya godoro la fundi
anayesubiri tenda nyingine,
na atakapoipata ataifunua, ataiamini.

Nikamalizia karanga. Nikakung'uta chumvi,
nikaukunjua ukurasa juu ya goti,
nikatoa kalamu, nikaandika pembeni:
la 2, au la 4, sina hakika.
Chini yake nikaweka tarehe ya leo.