Kipande

Kimevuka barabara saa nne na robo asubuhi
ndani ya chupa ya maji baridi, chumvi na sukari.
Hakizidi kunde.
Alfajiri kilikuwa kichwani mwa mtu.

Sindano ya kioo, nyembamba kushinda unywele,
naishusha, pumzi nimeibana,
hadi iguse seli moja. Moja!
Kipaza sauti kikaanza: ta. Ta-ta. Ta,
kama bisi chini ya mfuniko.

Lowri, meza ya pili, anaandika tu.
Mimi nauliza: seli, unamwita nani?
Wenzio wamebaki ng'ambo,
wodi ya tisa, ambako mvua ya Newcastle inapiga kioo
na mwenyewe, kichwa kimefungwa bendeji
(ameamka, wanasema, ameomba chai),
anahesabu vidole aone kama vyote vimerudi.

Huenda ulishika jina la paka wake.
Huenda ulishika kifafa, basi.
Vitabu havisemi. Nami najua kupima umeme tu.

Sasa ni saa saba usiku. Ta…
ta.
Naongeza oksijeni kidogo.
Nimemwambia Lowri atangulie, taa nitazima mimi.
Mtu haondoki mwenzake angali anazungumza.