Halina Masikio

Mwaka wa kwanza lilikufa lote.
Siku ya tano jaruba lilikuwa na rangi ya chai,
mpunga tu umesimama, kijani,
nami nikalitupa jembe la palizi juu ya paa la tembe
nikamwambia mama: mgongo wangu nimeukomboa.
Mama alikuwa anapepeta. Hakujibu.

Kifuniko kimoja kwa bomba, mwaka ule.
Mwaka wa tatu, viwili.
Mwaka wa tano Ndahani wa duka la pembejeo
akasema weka vinne, shemeji,
udongo wa Bahi mzito, unainywa yote.
Nikaweka vinne. Nikaweka sita.
Nikalala mikono inawasha mpaka treni ya alfajiri ikapita,
na lenyewe likapauka nchani kidogo
kama mtu aliyeamka na mafua,
siku ya kumi likanifika kiunoni.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Haya, mhenga, vua viatu, shuka jarubani,
inama, shika shina hili, shika na hili.
Mpunga, pale jani linapoachana na shina,
una masikio mawili madogo yenye vinyweleo
na kiulimi cheupe katikati.
Hili jingine halina sikio, halina ulimi.
Dawa halisikii.
Na kufa halifi.

Nililaumu dawa feki. Nililaumu mvua.
Nilimlaumu Chilewa, jaruba lake liko juu ya langu,
kwamba maji yake yananimwagia mbegu,
na ni kweli yananimwagia,
ila sikusema yangu yanamwagikia nani.

Nyemo wa ugani, binti mdogo, buti zake kubwa kuliko yeye,
aliuliza swali moja tu:
Chupa hiihii, miaka mingapi?
Saba.
Akang'oa suke la gugu, akalipukuchua kiganjani mwangu.
Mama, mbegu ya mpunga unaichaguaje?
Nikamwambia: natazama yaliyostahimili, hayo ndiyo naweka.
Akanyamaza.
Nami nikanyamaza, kiganja wazi,
nikizitazama mbegu nilizozichagua miaka saba
bila kujua nachagua.

Mwaka huu tumelidanganya.
Tumefungulia maji mapema, kabla ya mpunga,
likadhani msimu umefika, likachipua lote kwa furaha,
tukapitisha plau.
Tukaburuza ubao nyuma ya maksai mpaka jaruba likawa bapa,
maana penye kichuguu maji hayafiki, na hapo ndipo linapojificha.
Tumepanda kwa kamba, mstari kwa mstari,
maji vidole vinne, mtu wa zamu analala tutani.
Dawa mara moja, ya ukoo mwingine kabisa;
Ndahani kanuna, alikuwa na katoni nzima ya ile ya zamani.
Yaliyobaki tunang'oa kabla hayajapukutika,
tunayatoa nje kwa salfeti
kama unavyotoa maiti ya mtu usiyemwamini.
Chilewa amekubali kupanda choroko baada ya mavuno.
Amekubali kwa mdomo. Tutaona.

Jembe nimelishusha. Kutu, mpini umeliwa na mchwa.

Mama haoni tena vizuri, macho yana ukungu,
lakini alitaka kuja, tukamkalisha tutani, miguu majini.
Akanyoosha mkono kwenye mstari wa karibu,
akawa anapapasa, shina baada ya shina,
kidole gumba pale penye kiungo:
Mpunga.
Mpunga.
Mpunga.
Siyo. Ng'oa hili.
Nikang'oa.
Na mgongo? akauliza.
Unauma, mama.
Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa chai.

Nyemo anasema mbegu hulala ardhini miaka,
hajui mingapi, hatanidanganya.
Basi jioni nikifunga mlango wa maji
nasimama kidogo, matope yamenishika vifundo,
na chini yangu iko miaka yangu saba,
imelala,
haina masikio,
inangoja.