Maisha ya Mfalme, Wakati wa Supu

Zamu ya kusoma imeniangukia katikati ya baridi,
juma la supu ya dengu na mkate wa shayiri.
Masista wanatafuna. Kanuni inakataza maneno mezani
isipokuwa ya kitabu, na kitabu ni mimi.
Nafungua ngozi za ndama: maisha ya mfalme wa Wafaranki,
yule aliyekufa mwaka Mozeli ilipoganda
na mikokoteni ikavuka juu ya samaki.

Maisha yenyewe ni mawili, yameshonwa jalada moja
kama ng'ombe wasiopendana chini ya nira.

Wa kwanza kuandika alikuwa karani wake.
Alikula naye, alimshikia taa.
Anatueleza kovu la kwenye nyusi,
meno mazima hadi uzeeni,
uroho wa samaki waliokaushwa kwa moshi,
na vita: ishirini na sita, kila vita na mwaka wake,
vimepangwa kama mitungi ghalani.
Watoto amewapa mstari mmoja. Wa kike, nusu yake.
Halafu anaandika: hakuna aliyemwona akilia.
Namwamini. Ana mkono wa mtu anayehesabu kabla ya kusema.

Wa pili ni mtawa wa milimani. Mfalme alizikwa
kabla huyu hajaota meno.
Asiyekuwapo na lake halipo, wasema watu;
huyu hakuwapo, na yake yamejaa kurasa arobaini.
Dubu anapiga magoti. Kengele inalia yenyewe.
Wezi wanarudisha farasi, tena wamewachana manyoya.
Mto unagawanyika, jeshi linapita bila kulowa soksi.
Masista wadogo wanasahau kutafuna,
nami, nikiri, sauti yangu hupanda nikifika kwa dubu.
Mfalme wa karani ningemtambua sokoni.
Wa mtawa ningemfuata.

Ila jana, niliposoma hakuna aliyemwona akilia,
kijiko kiligonga meza upande wa chini,
wanakokaa waliokuja uzeeni, mikono mitupu.
Shangazi Ava. Miaka kumi na tisa alifua kwenye kasri.

Alisubiri hadi tulipokuwa uani, tukibeba kuni.
"Kweli, hakuna aliyemwona," akasema.
"Lakini mashuka yalikuja kwangu.
Jasho huacha chumvi shingoni mwa shati.
Hii ilikuwa katikati ya mto, pande zote mbili,
majira yote yale walipomzika kichanga,
yule msichana ambaye hata jina hawakuwahi kumpa.
Foronya niliiloweka kwenye maji ya majivu mara mbili."
Kisha akaniongezea gogo moja mikononi
kama mtu aliyemaliza habari.

Mtawa anao mto uliogawanyika.
Karani anayo mito yote aliyoivuka mfalme, kwa majina.
Huu mwingine, wa manyoya ya bata, hauna kitabu.

Juma hili hili nanakili maisha yote mawili
kwa ajili ya askofu wa Trieri. Wino unaganda,
naupasha kwapani. Sijaongeza, sijapunguza.
Pambizoni tu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Ava, mfuaji, asema sivyo.

Mama Mkuu ameona. Hakunikaripia.
Alichukua kisu, akakwangua polepole,
akipuliza vumbi lisiingie kwenye neno la jirani.
Pale pamebaki pembamba. Ukiinua ukurasa
mbele ya mshumaa, mwanga unapita
kando kabisa ya hakuna aliyemwona.

Msomaji hula mwisho, peke yake.
Supu imepoa. Mtu ameshatia chumvi.